Matiti Yaliyolala: Maswali Yenu Kuhusu Operesheni ya Kuyainua

Barua zilizotufikia safari hii nyingi zinazunguka jambo moja: operesheni ya kuinua matiti yaliyolala, ambayo madaktari huiita mastopeksi. Majina ya waulizaji tumeyaacha na maswali yaliyofanana tumeyaunganisha. Majibu yameandikwa na madaktari na wauguzi wanaoifahamu kazi hii.

SWALI: Nina watoto watatu na wote nimewanyonyesha zaidi ya mwaka. Matiti yangu yamelala kabisa. Mama mkwe anasema ndiyo malipo ya kunyonyesha muda mrefu. Nimepaka mafuta ya kila aina na kufanya mazoezi ya kifua miezi minane, sioni tofauti. Hakuna njia isiyo ya kisu?

JIBU: Kwanza waondolee wanao lawama, dada. Kinacholaza titi ni ujauzito wenyewe, siyo kunyonyesha. Mimba ikiingia, tezi za maziwa hupanuka na ngozi hutanuka kuzifuata. Mtoto akishaacha ziwa, tezi hunywea, lakini ngozi hairudi yote, na mfuko unabaki mkubwa kuliko kilichomo. Aliyebeba mimba tatu asinyonyeshe hata siku moja, matiti yake nayo hulala. Mengine yanayochangia ni umri, kunenepa na kukonda kupita kiasi, uzito wa titi lenyewe, na sigara, ambayo huharibu nyuzi zinazoifanya ngozi ivutike na kurudi.

Mazoezi yako hayakupotea bure, ila yalifanya kazi mahali pengine. Ndani ya titi hakuna msuli. Kuna tezi, mafuta, na kano nyembamba zinazoshika ngozi na kilicho nyuma yake. Huitwa kano za Cooper, kwa jina la daktari Mwingereza Astley Cooper aliyezieleza mwaka 1840. Msuli wa kifua uko nyuma ya vyote hivyo. Ukiujenga, kifua kinakaza, lakini titi linaning'inia palepale. Kano zikisharefuka hazifupiki tena kwa zoezi wala kwa mafuta ya kupaka. Sidiria nzuri inashikilia vizuri, ila ukiivua kila kitu kinarudi kilipokuwa. Kwa hiyo jibu la moja kwa moja ni hili: anayetaka titi lipande na libaki juu, njia ni upasuaji. Asiyetaka kisu hana sababu ya kuendelea kutumia pesa kwenye chupa na makopo.

SWALI: Rafiki yangu alifanyiwa na kovu lake linazunguka chuchu tu. Mimi daktari ameniambia langu litakuwa na umbo la nanga. Nimeogopa. Kwa nini tusifanyiwe sawa?

JIBU: Kwa sababu ngozi yako iliyozidi si sawa na yake. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Jipime mwenyewe. Simama mbele ya kioo bila sidiria, mabega yamelegea. Ingiza kidole cha shahada chini ya titi mpaka kikae kwenye mkunjo, pale titi linapokutana na kifua. Sasa kwa kidole cha mkono mwingine gusa mbele ya titi, usawa uleule na kile kilicho nyuma, kisha tazama chuchu iko wapi. Ikiwa iko usawa wa kidole, hiyo ni daraja la kwanza. Ikiwa imeshuka chini ya kidole lakini bado kuna nyama ya titi chini yake, ni la pili. Ikiwa ndiyo imekuwa ncha ya chini kabisa na inatazama sakafu, ni la tatu. Kuna pia titi ambalo chuchu imebaki juu ya mkunjo ila nyama ya chini ndiyo imeporomoka. Mpango huu wa madaraja ulitolewa na daktari Paule Regnault mwaka 1976, na mpaka leo ndio madaktari wengi wanaoutumia.

Mikato nayo iko ya aina nne. Wa kwanza ni wa mwezi mchanga: kipande chembamba cha ngozi kinatolewa juu ya duara jeusi la chuchu. Huu unainua sentimita moja hivi, basi. Wa pili unazunguka duara lote, kama wa rafiki yako, na unafaa kwa daraja la kwanza. Wa tatu unazunguka duara kisha unashuka wima mpaka kwenye mkunjo, mfano wa pipi yenye kijiti. Huo hutosha kwa wengi wa daraja la pili. Wa nne ndio nanga: duara, mstari wa wima, na mstari wa tatu unaolala ndani ya mkunjo wa chini. Huu ni wa daraja la tatu na wa ngozi nyingi.

Ngozi iliyozidi lazima itokee mahali fulani. Daktari akikubali kukufanyia mkato wa kuzunguka chuchu wakati daraja lako ni la tatu, ngozi yote ile itakusanywa kwenye duara moja kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Matokeo yake tunayajua: titi linabapa mbele, mikunjo inazunguka duara, na baada ya miezi duara lenyewe linatanuka na kovu linapanuka nalo. Kulirekebisha baadaye huhitaji mkato uleule wa nanga uliokuwa unaukimbia, safari hii kwenye ngozi yenye kovu. Maoni yetu ni kwamba kovu refu lenye umbo zuri ni bora kuliko kovu fupi lenye umbo baya. Na mstari ule mrefu wa nanga unajificha chini ya titi. Unaobaki kuonekana zaidi ni wa wima.

Wengi pia hudhani chuchu inakatwa na kubandikwa upya juu. Kwa kawaida sivyo. Chuchu inabaki kwenye shina la nyama lenye mishipa yake ya damu na ya fahamu. Ngozi inayoizunguka ndiyo inayoondolewa, nyama ya ndani inakusanywa na kushonwa ikae kama koni, halafu chuchu inasogezwa juu pamoja na shina lake. Duara hupunguzwa likabaki na upana wa sentimita 4 hivi.

SWALI: Nataka yapande na pia yajae kwa juu, kama nilivyokuwa na miaka ishirini. Nikiinuliwa nitayapata hayo?

JIBU: Kupanda, ndiyo. Kujaa kwa juu, kwa wengi hapana. Operesheni hii hupanga upya kilichopo, haiongezi nyama. Wengine huona titi limepungua saizi kidogo, maana kilichokuwa kimetandazwa sasa kimekusanywa. Wiki za kwanza utaliona limejaa juu, lakini huo ni uvimbe, na unashuka.

Vaa sidiria laini isiyo na sponji wala waya, inayokutosha sawasawa, ujitazame. Ukiridhika na ujazo unaouona, kuinua kunatosha. Ukiona vikombe vinapwaya, mwambie daktari mapema, kwa kuwa hapo mazungumzo yanakuwa ya vipandikizi vya silikoni, au ya kuhamisha mafuta kutoka tumboni au mapajani. Mafuta hayo hayabaki yote. Sehemu yake hufyonzwa na mwili.

Kipandikizi pamoja na kuinua ni kazi mbili zinazovutana: moja inabana ngozi, nyingine inaisukuma nje. Ndiyo maana matatizo ya mshono na operesheni za kurudia ni mengi zaidi kwa anayefanyiwa vyote viwili kwa mpigo. Madaktari wengine huinua kwanza, wakasubiri miezi kadhaa, ndipo wakaweka. Na kipandikizi si cha maisha. Kinaweza kupasuka, au mwili ukakijengea ganda gumu, na siku moja kikahitaji kutolewa. Anayekubali kipandikizi ajue amekubali pia uwezekano wa operesheni nyingine.

SWALI: Nimepangiwa baada ya wiki sita. Nivute subira tu, au kuna ninachopaswa kufanya?

JIBU: Una kazi ya kufanya, na ya kwanza ni sigara kama unavuta. Acha leo. Angalau wiki 4 kabla na wiki 4 baada, na hiyo ni pamoja na sigara za mvuke na plasta za nikotini. Nikotini hubana mishipa midogo ya damu, na baada ya operesheni chuchu inaishi kwa mishipa hiyo hiyo midogo iliyo kwenye shina. Ikibanwa, chuchu inakosa damu na inaweza kufa. Tunalisema wazi kwa sababu wapo wanaomficha daktari. Wapo pia madaktari wanaopima mkojo kuhakikisha, na wakiikuta wanaahirisha. Usiwakasirikie.

Uzito wako uwe umetulia kwa miezi kama 6. Ukikonda kilo 10 baada ya kushonwa, ngozi italegea upya. Kama ulikuwa unanyonyesha, iwe imepita nusu mwaka hivi tangu maziwa yakauke, kwa sababu titi linaendelea kubadilika muda huo.

Aspirini, ibuprofeni na dawa za jamii yake huzuia damu kuganda. Kwa kawaida huachwa wiki 1 hadi 2 kabla. Vivyo hivyo vidonge vya vitamini E, vya mafuta ya samaki, vya kitunguu saumu na vya mmea wa ginko. Lakini dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya moyo au ya kuzuia damu kuganda usiiache kwa uamuzi wako, muulize aliyekuandikia. Peleka orodha nzima ya unachomeza, mitishamba ikiwemo. Ukiwa umefikia umri wa kupigwa mamogramu, yaani picha ya eksirei ya matiti, au ukiwa na historia ya saratani ya matiti katika familia, daktari atataka picha kabla hajagusa chochote.

Usiku wa kuamkia siku hiyo fuata maelekezo ya daktari wa usingizi. Kawaida ni kutokula chochote kwa muda wa saa 6 kabla ya operesheni, na maji matupu yanaruhusiwa mpaka zibaki saa 2.

SWALI: Mke wangu anafanyiwa mwezi ujao na mimi ndiye nitakayemtunza. Watoto wetu bado wadogo. Nitarajie nini siku yenyewe na baada ya hapo?

JIBU: Hongera kwa kuuliza, ndugu yetu. Siku yenyewe daktari atamchora kwa kalamu akiwa amesimama wima, kabla ya kulazwa mezani, kwa sababu akilala matiti husambaa kando na vipimo vinapotea. Michoro hiyo asiioshe. Kisha anapewa nusukaputi, na kazi huchukua saa 2 hadi 3. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Ukimwona ametoka na mirija miwili myembamba kwapani usishtuke, ni ya kutoa damu na maji, na huondolewa baada ya siku chache.

Maumivu makali ni ya siku 2 hadi 4 za mwanzo, zaidi kubanwa na kuuma kama jeraha kuliko kuchoma. Mpe dawa kwa saa zake, usisubiri mpaka alie. Parasetamoli kwa mtu mzima isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na uangalie kama dawa nyingine aliyopewa haina parasetamoli ndani yake. Dawa kali za maumivu hufunga choo, basi maji na matunda yawe karibu.

Alale chali, mgongo umeinuliwa kwa mito miwili au mitatu, na mto mmoja kila upande ili asigeuke akiwa usingizini. Jioni ya siku ileile atembee kidogo chumbani. Kulala tu kunaita damu kuganda miguuni. Sidiria ya upasuaji, ile ya kufungia mbele na isiyo na waya, aivae usiku na mchana kwa wiki 4 hadi 6. Kuoga kwa maji ya kumwagia huruhusiwa baada ya saa 48 hivi kama daktari amekubali, kisha mshono ukaushwe kwa kugusa na taulo safi, siyo kusugua.

Sasa watoto. Kwa wiki 3 hadi 4 asinyanyue kitu kizito kuliko kilo 2 au 3, na mtoto ana zaidi ya hapo. Mtoto akitaka kupakatwa, mama akae kwanza, wewe umweke ubavuni mwake, asiegemee kifua. Nguo ziwe za vifungo mbele ili asipandishe mikono kuvaa. Vitu anavyotumia kila siku vishushe usawa wa kiuno kabla hajarudi, kwa kuwa kosa la kwanza hutokea anapojinyoosha kuchukua kikombe kabatini. Kuchana nywele ni kazi yako, au ya ndugu yake.

Kazi ya kukaa mezani anaweza kuirudia baada ya wiki 1 hadi 2. Gari asiendeshe mpaka awe ameacha dawa zinazoleta usingizi na anaweza kukanyaga breki kwa ghafla bila kusita. Kukimbia, kuruka na kunyanyua vyuma kusubiri wiki 6.

Mpigie daktari mara moja, hata usiku wa manane, ukiona haya: titi moja limevimba ghafla kuliko jingine, limekuwa gumu, linauma sana na kubadilika rangi (hiyo ni damu inayovuja ndani, na hutokea zaidi katika saa 24 za kwanza), chuchu inageuka ya bluu au nyeusi, homa ya nyuzi 38 au zaidi, wekundu au weusi unaosambaa, au usaha. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, au akipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, mpeleke hospitali bila kusubiri simu.

Jambo la mwisho, ndugu. Bandeji zikifunguliwa asitarajie uzuri, nawe usikunje uso. Matiti yatakuwa juu mno, yamebapa chini, pengine moja tofauti na lenzake. Yanahitaji miezi 3 kushuka na kujaa kwa chini, na umbo la kudumu huonekana kati ya miezi 6 na 12.

SWALI: Ni wiki ya tatu. Mshono wa nanga umefunguka chini, pale mistari inapokutana, tundu la ukubwa wa punje ya mahindi, linatoa majimaji. Je, operesheni imeharibika?

JIBU: Hapana, dada, ila mwoneshe daktari wako wiki hii. Hapo mistari inapokutana ndipo ngozi inapovutwa zaidi na damu inapofika kwa shida zaidi, na kufunguka pale ni tatizo la kawaida kuliko yote katika mkato wa nanga. Mara nyingi halishonwi tena. Linasafishwa, linafunikwa kwa kitambaa cha shashi, na linajaa lenyewe kutoka ndani kwa wiki kadhaa. Usilikaushe kwa spiriti wala kulipaka unga wa dawa. Ngozi mpya huota vizuri kwenye unyevunyevu. Majimaji ya njano hafifu yasiyonuka si usaha. Yakinuka, yakiwa mazito, au ukipata homa, nenda siku hiyohiyo. Na kama utaona uzi mdogo umechomoza kama chunusi, usiuvute, muuguzi ataukata.

SWALI: Nina miaka 26, sijazaa. Nikifanyiwa sasa nitaweza kunyonyesha? Na je, chuchu inabaki na hisia?

JIBU: Wengi hunyonyesha, kwa sababu chuchu inabaki imeungana na tezi zilizo nyuma yake. Lakini baadhi ya njia za maziwa zinaweza kukatwa, na hakuna daktari wa kukuahidi kwamba maziwa yatatosha. Kuhusu hisia, chuchu kufa ganzi au kuwa na hisia kali kupita kiasi ni jambo la kawaida wiki na miezi ya mwanzo. Kwa wengi inarudi. Kwa wachache ganzi inabaki moja kwa moja, na hilo ulipime kabla ya kusaini.

Ushauri wetu, mdogo wetu: kama unakusudia kuzaa miaka ya karibuni, ngoja. Si kwamba operesheni itamdhuru mtoto, bali mimba itailaza upya kazi uliyoilipia.

SWALI: Mimi hupata keloidi, yale makovu yanayovimba na kukua kupita jeraha, hata kwa kutoboa sikio. Nijitoe?

JIBU: Usijitoe bado, lakini daktari alijue hilo siku ya kwanza, na umwoneshe sikio lenyewe. Ngozi nyeusi hupata keloidi kuliko ngozi nyeupe, na sehemu inayosumbua zaidi katika operesheni hii ni ncha ya mstari wa chini inayoelekea katikati ya kifua; daktari makini huuishia mstari mapema asifike huko. Ngozi ikishafunga kabisa, wiki ya 3 hivi, anza plasta za silikoni saa 12 au zaidi kwa siku, kwa miezi 3. Kovu likianza kuinuka, kuwasha na kukaza, rudi mapema: sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ndani ya kovu hufanya kazi vizuri likiwa changa. Kovu la kawaida huwa jekundu au jeusi na gumu miezi ya kwanza, kisha hufifia mpaka mwaka mmoja au mmoja na nusu. Halifutiki. Likinge na jua muda wote huo.

SWALI: Yakishainuliwa yanakaa muda gani? Na vipimo vya saratani vitasomeka?

JIBU: Hayarudi yalipokuwa kwa usiku mmoja, ila yanaendelea kuzeeka pamoja nawe, titi zito hushuka mapema kuliko jepesi, na uzito unaopanda na kushuka huharakisha. Mamogramu inasomeka. Mweleze anayepiga picha kwamba umefanyiwa, maana makovu ya ndani huonekana kama mistari na vidoa vya chokaa. Madaktari wengi hupenda picha mpya miezi 6 hadi 12 baada ya operesheni ili iwe ya kulinganishia. Unaweza kuhisi kivimbe kigumu ndani, ambacho mara nyingi ni mafuta yaliyokosa damu yakafa. Hata hivyo usikiamulie mwenyewe: kivimbe chochote kipigwe ultrasaundi.